Vitamini C na tindikali ya tumbo: kwanza jua panapouma

“Dokta, hii vitamini C imeniongezea asidi.” Yeyote anayehudumia dirisha la duka la dawa ameisikia kauli hii, iwe kwa mama anayekunywa vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 1000, kwa kijana wa mazoezi, au kwa mzee aliyeletewa kopo na mwanawe aliyeko ughaibuni. Ukiwauliza panauma wapi, wa kwanza anagusa katikati ya kifua, wa pili anashika chembe ya moyo, na wa tatu anasema hapaumi ila tumbo linanguruma na choo kimelegea. Wote wamemeza kitu kimoja na wote wanakiita asidi. Lakini yaliyowapata ni mambo matatu yasiyofanana, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Ndiyo maana swali la kwanza tunalouliza ni “panauma wapi, na muda gani baada ya kumeza?” Idadi ya vidonge huulizwa baadaye.

Hofu ya kwamba vitamini C “inapandisha asidi” tumboni inatokana na jina lake. Kitaalamu inaitwa asidi askobiki, na mtu akiona asidi kwenye lebo anaona ameshapata mshitakiwa. Tupige hesabu. Tumbo lisilo na chakula huwa na pH ya 1.5 hadi 2. Namba ya pH inashuka kadiri ukali unavyopanda, na kila hatua moja ni mara kumi. Gramu moja ya asidi askobiki ikiyeyushwa katika mililita 200 za maji inatoa pH ya karibu 3. Maana yake ni kwamba maji yale kwenye glasi ni hafifu kwa mara kumi au zaidi kuliko tumbo yanakokwenda. Soda nyeusi ya kawaida, yenye pH ya karibu 2.5, ina ukali zaidi ya glasi hiyo.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalofumbua fumbo lote. Asidi askobiki ni asidi dhaifu. Ikikutana na asidi kali kuliko yenyewe hujizuia, haiachii haidrojeni yake. Ndani ya tumbo lenye pH 2, chini ya asilimia 1 ya molekuli zake ndizo zinazofanya kazi ya asidi. Nyingine zote zimetulia. Ila ikigusa sehemu isiyo na asidi, kama umio, ile njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni ambayo pH yake ni 6 hadi 7, karibu molekuli zote huachia. Kwa hiyo kidonge kile kile kinachopita tumboni kama mgeni mpole ni asidi kamili kikinasa njiani. Umio nao hauna ute mzito wa kujikinga kama ulio nao ukuta wa tumbo.

Basi tuanze na mwenye maumivu ya kifua.

Kidonge cha miligramu 1000 ni kikubwa, mara nyingi kirefu, na baadhi havina ngozi laini ya nje. Kikimezwa na funda moja la maji, hasa mtu akiwa ameshapanda kitandani, kinaweza kuganda ukutani mwa umio, kwa kawaida pale njia inapobanwa na mshipa mkuu wa damu au karibu na mlango wa tumbo. Hapo kinayeyuka taratibu na kutengeneza ujiuji mzito wa asidi juu ya sehemu ndogo. Mtu anaamka usiku au asubuhi na maumivu makali ya nukta moja, yanayozidi akimeza mate au chai. Hiki si kiungulia cha kawaida. Ni jeraha la kidonge, na vitamini C imo kwenye orodha ya dawa zinazojulikana kuleta jeraha hilo, pamoja na doksisaiklini, vidonge vya chuma, potasiamu na dawa za maumivu.

Anayejeruhiwa hivyo husimamisha kidonge, hula vyakula laini visivyo vya moto wala pilipili, na kwa kawaida maumivu hupungua ndani ya siku chache. Yasipopungua ndani ya wiki moja, au akishindwa kumeza hata maji, aende hospitali. Kumpa dawa ya kupunguza asidi huku akiendelea kumeza kidonge kile kile usiku ni kupoteza fedha yake.

Kuzuia ni rahisi, ila watu hulichukulia kama jambo la watoto. Kunywa funda moja kwanza ili koo lilowe. Weka kidonge, kisha malizia glasi nzima, mililita 200 au zaidi, ukiwa umekaa wima au umesimama. Usilale kwa nusu saa. Kapsuli huelea juu ya maji mdomoni, kwa hiyo ukiimeza inamisha kidevu kuelekea kifuani. Ukirudisha kichwa nyuma kama kuku anayekunywa, kapsuli inabaki mbele na maji yanatangulia. Kidonge kizito hakihitaji kuinamisha kichwa. Na kama kidonge kimeandikwa kuwa kinaachia dawa polepole, usikivunje wala kukitafuna ili kipite vizuri, maana utakuwa umeliua kusudi lake. Tafuta cha miligramu 250 au 500, au unga.

Kiungulia halisi, yaani moto unaopanda kutoka chini kwenda kooni pamoja na kucheua maji machungu, kina chanzo kingine. Hapa mara nyingi anayelalamika anakunywa vidonge vya kuyeyusha, vile vinavyotoa povu. Povu hilo ni hewa ya kaboni inayotokana na asidi sitriki kukutana na bikaboneti ya soda. Wengi hudondosha kidonge katika nusu glasi na kukigugumia kingali kinachemka, kwa kuamini kwamba povu ndiyo nguvu ya dawa. Wanameza hewa. Tumbo linavimba, valvu ya juu inafunguka ili gesi itoke, na gesi inapotoka inabeba asidi iliyokuwemo tumboni siku zote. Mtu anasema vitamini C imemletea asidi, kumbe asidi yake ya siku zote imefunguliwa mlango tu.

Kwa hiyo weka kidonge katika maji mililita 200 hadi 250, yasiyo baridi sana, subiri mpaka povu liishe kabisa, koroga kwa kijiko utoe mapovu yaliyobaki pembeni, ndipo unywe kidogo kidogo. Ukifanya hivyo na kiungulia kikabaki, achana na aina hiyo.

Halafu geuza kopo usome viungo. Lebo nyingi hutumia namba za E, nazo ukizijua hazikuchengi. E300 ni asidi askobiki yenyewe. E301 ni chumvi yake ya sodiamu na E302 ni ya kalsiamu, zote mbili zisizo kali. E330 ni asidi sitriki, E500 ni bikaboneti. E420 ni sorbitoli, sukari isiyofyonzwa vizuri, inayowaletea baadhi ya watu gesi na kuharisha hata kwa kiasi kidogo. Tumeona watu wakipunguza dozi mara tatu wakati kilichowasumbua ni E420 wala si vitamini.

Vidonge vya kuyeyusha vina tatizo jingine lisilohusu kiungulia, lakini haliwezi kuachwa: chumvi. Kidonge kimoja kuwa na miligramu 200 hadi 300 za sodiamu si ajabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 2 za sodiamu kwa siku, kutoka vyakula vyote. Mwenye presha anayekunywa viwili kila siku huku akijinyima chumvi kwenye mboga anajidanganya. Kama lebo inataja chumvi badala ya sodiamu, gawanya kwa 2.5 upate sodiamu.

Sasa mwenye kushika chembe ya moyo. Huyu mara nyingi amekunywa asubuhi kabla ya kula chochote, na hujisikia kichefuchefu ndani ya nusu saa. Swali la pili kwake ni kuhusu kilichoambatana na vitamini C. Tangu janga la korona mwaka 2020, vidonge vya vitamini C vyenye zinki vimejaa madukani. Zinki kwenye tumbo tupu huchefua sana, kuliko vitamini C kwa mbali. Njia ya kutambua ni kununua vitamini C tupu ya nguvu ile ile na kuitumia kwa siku chache. Kichefuchefu kikiondoka, umempata mhusika. Asiyetaka kuacha zinki aimeze katikati ya chakula, na ajumlishe miligramu za zinki kwenye makopo yote anayotumia, kwa sababu ukomo wa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku na makopo mawili huufikia upesi.

Mhusika mwingine wa chembe ya moyo ni dawa za maumivu. Mtu ana mafua, anakunywa vitamini C, na papo hapo anameza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kwa ajili ya mwili kuuma. Tumbo likiwaka, lawama inaangukia kidonge cha rangi ya chungwa. Vidonda vya tumbo vinasababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyetambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na dawa hizo za maumivu. Vitamini C haimo kwenye orodha ya visababishi. Ila mwenye kidonda tayari, au ukuta wa tumbo uliovimba, anaweza kuumia kidonge kizima kikikaa juu ya sehemu mbichi na kuyeyukia pale. Kwake hoja ni mguso. Jumla ya asidi ya tumbo haijabadilika.

Dawa ya mguso ni chakula na mgawanyo. Kunywa katikati ya mlo, baada ya matonge kadhaa ya ugali au wali, kidonge kipate kuchanganyika na chakula. Na badala ya 1000 mara moja, chukua 250 asubuhi na 250 jioni. Utasema umepunguza nusu ya dozi. Hapana, umepunguza kidogo sana, na hili linatupeleka kwa mtu wa tatu.

Mwili hufyonza vitamini C kupitia milango maalumu kwenye utumbo mwembamba, na milango hiyo ina kikomo. Kwa kiasi cha miligramu 30 hadi 180 kwa siku, asilimia 70 hadi 90 hufyonzwa. Ukivuka gramu moja, inayofyonzwa hushuka chini ya nusu. Inayobaki inaendelea na safari hadi utumbo mpana, ikivuta maji njiani. Ndiyo kunguruma, ndiyo gesi, ndiyo choo chepesi saa chache baadaye. Hakuna asidi hapo. Kumpa mtu huyu magnesiamu ya kutafuna “kukata asidi” ni kumwongezea mwendo, kwa kuwa magnesiamu nayo inalainisha choo. Apunguze dozi tu, na kesho yake tumbo limetulia.

Viwango vyenyewe: Marekani inapendekeza miligramu 90 kwa siku kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke, 85 akiwa mjamzito na 120 akinyonyesha, mvutaji sigara aongeze 35. Uingereza inaridhika na 40. Damu inakaribia kujaa ukifika miligramu 200 hadi 400 kwa siku, na ziada huishia kwenye mkojo. Ukomo wa juu kwa mtu mzima ni 2000, uliowekwa kwa sababu hiyo hiyo ya kuharisha. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ukomo ni 400, na wa miaka 4 hadi 8 ni 650. Vile vidonge vya kutafuna vya miligramu 100 vyenye ladha ya chungwa, mtoto akipata kopo anavila kama pipi, na kwa wa mwaka 1 hadi 3 vinne tu vimeshamfikisha mwisho. Kuhusu mafua, uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, unaonesha muda wa kuumwa hupungua kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima wanaotumia kila siku. Anayeanza baada ya pua kuziba hapati faida ya kueleweka. Kwa hiyo kuvumilia tumbo linalowaka kwa gramu tatu za siku ya mafua hakuna malipo.

Kwa vya kutafuna, meno pia yanahusika. Gamba la jino huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, na kidonge kilichotafunwa kinabandika asidi kwenye magego. Suuza kinywa kwa maji mara moja, na mswaki usubiri angalau nusu saa, maana kupiga mswaki papo hapo ni kusugua gamba lililolainika.

Wapo ambao hata wakifuata yote haya bado tumbo linakataa. Hao wanafaa kuhamia vitamini C iliyopunguzwa ukali, yaani ile E301 au E302. Gramu moja ya chumvi ya sodiamu inatoa takriban miligramu 890 za vitamini C na miligramu 116 za sodiamu. Ya kalsiamu inatoa miligramu 890 hadi 910 za vitamini C na 90 hadi 110 za kalsiamu. Mwenye presha achukue ya kalsiamu. Mwenye historia ya mawe kwenye figo aulize kwanza. Kwenye umio chumvi hizi haziunguzi kama asidi tupu. Zikifika tumboni zinapokea haidrojeni ya asidi ya tumbo na kugeuka kuwa asidi askobiki, yaani zinakula asidi kidogo badala ya kuongeza. Hata hivyo usizigeuze dawa ya kiungulia: gramu moja hupunguza kiasi kidogo tu, chini ya kidonge kimoja cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 500. Kuhusu kuharisha, aina hizi haziokoi kitu. Ukivuka uwezo wa utumbo, utaharisha vile vile.

Bei yake iko juu, na si kila duka linazo. Mwenye unga wa asidi askobiki anaweza kutengeneza yake. Gramu moja ya asidi askobiki hutulizwa na takriban gramu 0.48 ya bikaboneti ya soda. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha bikaboneti kina uzito wa karibu gramu 5, kwa hiyo unachohitaji ni sehemu ya kumi ya kijiko, yaani ncha tu. Kwa dozi ya miligramu 500, nusu ya hapo. Weka unga wa vitamini kwenye glasi kubwa, mimina maji nusu, nyunyiza bikaboneti kidogo kidogo kwa sababu itafura, koroga, ngoja dakika chache mpaka kimya, jaza maji, kunywa. Usitengeneze ya kesho: vitamini C hudumu kwenye asidi, na ukiitoa kwenye asidi huharibika upesi ikikutana na hewa, maji yakianza kugeuka manjano. Gramu moja iliyotulizwa hivi ina miligramu 130 hivi za sodiamu, hivyo mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, na mjamzito wasijaribu bila kushauriwa.

Makosa ya hapo ni matatu. La kwanza ni kuweka beking pauda badala ya beking soda. Beking pauda imeshachanganywa na asidi yake na wanga, haitulizi kitu. La pili ni kukadiria kwa kijiko kizima, mtu akaishia na gramu 4 za bikaboneti ya ziada, gesi tele na sodiamu inayozidi nusu ya ukomo wa siku. La tatu na baya zaidi ni magadi ya kupikia. Magadi ni makali kuliko bikaboneti, yana uchafu usiopimika, na yakizidi yanaunguza umio kwa upande wa pili, ule wa alkali, kinyume cha asidi.

Tukirudi jikoni, kuna imani iliyoenea kwamba limau ni bora kuliko kidonge kwa mwenye asidi, kwa kuwa “likifika tumboni linageuka alkali”. Sitreti ya limau ikishaingia kwenye damu na kuchakatwa inaweza kupunguza ukali wa mkojo; hilo ni kweli. Tumboni na kwenye umio limau ni limau. Juisi yake ina pH ya 2 hadi 2.6. Limau moja lililokamuliwa, kama mililita 45, lina takriban gramu 2 za asidi sitriki, asidi ambayo kwa jumla inazidi ile ya kidonge cha miligramu 1000 kwa mara tano au zaidi. Na vitamini C iliyomo? Miligramu 20 hivi. Anayekunywa malimau mawili kila asubuhi kabla ya kula kwa ajili ya vitamini C, kisha akatupa vidonge kwa sababu vina asidi, amefanya biashara ya hasara.

Uchachu haupimi vitamini C. Ukwaju ni mkali kupindukia na vitamini C yake ni ya kuhesabika, miligramu chache kwa gramu 100, kwa sababu ukali wake unatoka kwenye asidi tartariki. Pera, ambalo halina ukali wa kutaja, lina miligramu 200 au zaidi kwa gramu 100, ingawa hutofautiana kwa aina na ukomavu. Papai bivu lina 60 hivi, chungwa 50. Mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayooza chini ya miti Mtwara na Lindi baada ya korosho kung'olewa, yanalishinda chungwa mara kadhaa. Kwa mtu mwenye kiungulia sugu, pera moja na kipande cha papai baada ya chakula vinamaliza mahitaji ya siku bila kidonge wala limau. Ubuyu mkavu nao una vitamini C nyingi, ila ni mchachu, na ule uliopikwa na sukari na rangi umepoteza sehemu yake kwenye moto.

Wanaotumia dawa za asidi wana mambo yao. Dawa za maji zenye alumini zisikutane na vitamini C wala vidonge vya kuyeyusha vyenye asidi sitriki. Sitreti huongeza alumini inayoingia kwenye damu, na mwenye figo dhaifu hawezi kuitoa. Acha saa mbili au tatu kati yake, au kwa mgonjwa wa figo usichanganye kabisa. Omeprazoli haigombani na kidonge, lakini hupunguza vitamini C iliyomo kwenye maji ya tumbo, na maambukizi ya H. pylori hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo anayekunywa omeprazoli miezi mingi ana sababu ya kuangalia matunda yake zaidi kuliko wengine.

Vidonge vya kuongeza damu ndivyo vinavyoambatanishwa zaidi na vitamini C, na mara nyingi tumbo ndilo linalolipa. Chuma chenyewe huchefua na kufunga choo. Ukiongeza miligramu 500 za asidi askobiki kwenye tumbo tupu umeongeza kero. Utafiti uliofanyika China na kuchapishwa 2020 ulilinganisha wagonjwa waliokunywa chuma peke yake na waliokunywa na vitamini C, na damu ilipanda sawa. Vitamini C inasaidia zaidi chuma cha kwenye maharage na mchicha: kamulia limau kwenye mboga ikishaiva, inatosha.

Mwenye historia ya mawe kwenye figo asitumie dozi kubwa, kwani sehemu ya vitamini C huishia kuwa oksaleti, kitu kinachojenga mawe hayo. Utafiti wa wanaume wa Uswidi uliochapishwa 2013 ulikuta watumiaji wa vidonge wakipata mawe karibu mara mbili ya wasiotumia. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo adimu kwetu, asiguse dozi za gramu nyingi wala drip za vitamini C za saluni, kwa hatari ya kuvunjika chembe nyekundu za damu.

Ukishindwa kujua kama ni vitamini C au kitu kingine, acha kabisa kwa siku saba bila kubadili chakula wala dawa nyingine. Dalili zikibaki vile vile, kidonge hakihusiki, nenda kapime. Zikiisha, rudi na miligramu 100 katikati ya mlo kwa siku tatu, kisha 250, kisha 500. Kiwango ambacho dalili zinarudi ndicho mpaka wako, na kwa wengi hakuna haja ya kuvuka 250.

Jaribio hilo si la mtu anayetapika damu au matapishi yenye rangi ya kahawa, anayepata choo cheusi kama lami, anayepungua uzito bila sababu, au chakula kinachomkwama. Wala maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au taya, pamoja na jasho, yasisingiziwe kidonge. Hayo ni ya hospitali saa hiyo hiyo.

Na ukifika hospitali, taja vitamini C unapoulizwa dawa unazotumia. Kuna kipimo cha choo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, kile cha kadi inayodondoshewa dawa na kugeuka bluu. Vitamini C zaidi ya miligramu 250 kwa siku inaweza kuzuia bluu isitokee, na mwenye kidonda kinachovuja damu akaambiwa hana kitu. Isimamishe siku tatu kabla ya kupeleka choo. Vibanzi vya kupimia mkojo navyo hupotoshwa, na baadhi ya mashine za sukari za nyumbani husoma juu ya ilivyo kwa mtu aliyepewa dozi kubwa, hasa kwa drip.